Dawa za kuvimba kwa tezi dume: zinasaidia kiasi gani na zinaishia wapi

Dawa za kuvimba kwa tezi dume zinafanya kazi. Tunaanza na hilo kwa sababu wazee wengi wameziacha wakiamini hazina faida, na ukifuatilia unakuta moja kati ya mambo mawili. Ama mtu aliandikiwa dawa ya kulegeza njia ya mkojo akawa anasubiri tezi isinyae, ama aliandikiwa dawa ya kusinyaza tezi akaiacha wiki ya tatu kwa kuwa hakuona badiliko. Dawa haikushindwa hapo. Ilipimwa kwa kazi isiyo yake, au kabla ya wakati wake.

Tunazipitia kundi kwa kundi, pamoja na dozi, muda wa kusubiri na madhara ambayo mara nyingi hayatajwi dirishani wakati mgonjwa anakabidhiwa pakiti. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapishwa kwenye boksi ili uyalinganishe na yaliyo kwenye karatasi yako.

Mkojo unabanwaje

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea, sehemu ya ndani inayouzunguka mrija huanza kukua. Ukuaji huu si saratani na haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Njia hubanwa kwa namna mbili. Ipo nyama iliyoongezeka, na ipo misuli laini ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu ambayo hukaza yenyewe bila mtu kutaka. Ndiyo maana kuna makundi mawili makubwa ya dawa: moja ni kama kulegeza mkanda uliobana, jingine ni kama kupunguza tumbo lenyewe. Ndiyo maana pia ukubwa wa tezi hausemi peke yake mtu anateseka kiasi gani. Mwenye tezi ya gramu 35 anaweza kusimama chooni dakika nzima akisubiri mkojo uanze, na mwenye gramu 80 akakojoa bila shida kubwa. Kumtibu mtu kwa kusoma karatasi ya ultrasaundi tu ni kosa.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Omba fomu ya IPSS, yaani ya kupima ukali wa dalili za tezi dume. Ina maswali 7 kuhusu mwezi uliopita: kuhisi kibofu hakijaisha, kurudi chooni kabla ya muda wa saa mbili kupita, mkojo kukatika na kuanza tena, kushindwa kuuzuia, mkondo dhaifu, kusukuma ili utoke, na kuamka usiku. Kila swali lina alama 0 hadi 5, hivyo jumla ya juu ni 35. Alama 0 hadi 7 ni tatizo dogo, 8 hadi 19 ni la kati, 20 na kuendelea ni kubwa. Lipo na swali la nane, lenye alama zake, linalouliza ungejisikiaje kama hali ingebaki hivi hivi maisha yako yote. Kwetu hilo lina uzito kuliko yote, kwa sababu mwenye alama 10 ambaye hasumbuki hana haraka ya kumeza chochote.

Andika tarehe kwenye fomu hiyo na uitunze. Mgonjwa huanza kuhisi nafuu alama zikishuka kama 3 hivi. Bila karatasi, baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka alianzia wapi, na dawa nzuri inaachwa kwa sababu ya kumbukumbu tu.

Vipimo vya kuanzia ni mkojo, sukari, kreatinini ya figo, PSA (kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi dume), kidole cha daktari kupitia njia ya haja kubwa, na ultrasaundi inayopima ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Mkazo uwe kwenye huo mkojo unaobaki na kwenye PSA. Vyote viwili vinaamua dawa ipi itolewe, na PSA ikikosa kuchukuliwa mwanzoni kuna jambo litaharibika baadaye, tutalifikia.

Dawa za kulegeza: nafuu ya haraka

Kundi hili lina tamsulosin, alfuzosin, silodosin, doxazosin na terazosin. Zinaitwa vizuizi vya alfa. Zinazuia amri inayokaza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, basi. Tezi yenyewe haziigusi.

Nguvu zake zinakaribiana mno. Kwa wastani alama za IPSS hushuka kwa asilimia 30 hadi 40, na kasi ya mkojo hupanda kwa asilimia 20 hadi 25. Kwa hesabu ya mtu halisi: aliyeanza na alama 20 anaweza kufika 12 hadi 14, na aliyekuwa akitoa mililita 8 kwa sekunde akafika 10. Huo si mkojo wa ujanani, na asikudanganye mtu kwamba utakuwa. Lakini mtu wa alama 13 anasafiri kwa basi bila kuhesabu vituo. Ni vizuri kujua pia kwamba kwenye majaribio, waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa nao huripoti nafuu kiasi. Sehemu ya nafuu basi ni ya matumaini, na sehemu iliyobaki ni ya dawa, nayo inatosha kuhalalisha matumizi.

Nafuu huanza ndani ya siku chache, kwa wengine hata saa kadhaa, na kilele hufika baada ya wiki kadhaa. Ukifika wiki ya 4 hadi ya 6 bila badiliko lolote, rudi kwa daktari. Kuendelea kusubiri hakutaongeza kitu.

Namna ya kumeza ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tamsulosin ya miligramu 0.4 humezwa mara moja kwa siku, kama nusu saa baada ya mlo, na uwe mlo ule ule kila siku. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, kilele chake kwenye damu hupanda kwa asilimia 40 hadi 70, na hapo ndipo kizunguzungu kinapotokea. Alfuzosin ya miligramu 10 ni kinyume chake: tumbo likiwa tupu mwili huchukua karibu nusu tu ya dawa, na mgonjwa anabaki kulalamika kwamba haimsaidii. Silodosin ya miligramu 8 huenda pamoja na chakula, na figo zikiwa zimepungua nguvu kwa kiwango cha kati dozi inashushwa hadi 4. Zote zilizotengenezwa kuachia dawa taratibu hazitafunwi, hazipondwi, wala kapsuli haifunguliwi, hata kama mgonjwa anapata shida kumeza.

Doxazosin na terazosin zilianza kama dawa za presha, na tabia hiyo hazijaiacha. Vidonge vyake vya kawaida huanzwa na miligramu 1 wakati wa kulala, kisha hupandishwa hatua kwa hatua, doxazosin hadi 8 na terazosin kwa kawaida hadi 10. Akiiacha siku kadhaa, mgonjwa haruki kurudi kwenye dozi aliyofikia. Anaanza tena na 1. Anayerudi moja kwa moja kwenye kidonge kikubwa ndiye anayeanguka.

Kuanguka kwenyewe hutokea kwa mpangilio mmoja. Saa nane usiku kibofu kinamwamsha mzee, anainuka kitandani kwa haraka kwa sababu mkojo unamsukuma, presha inashuka akiwa bado hajafika mlangoni. Anayetumia dawa hizi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, acheze vifundo vya miguu dakika moja hivi, ndipo asimame huku ameshika kitu. Na usiku akojoe ameketi. Hili linafaa kwa kundi zima, ila kwa doxazosin na terazosin ni lazima.

Kosa jingine ni kumpa mtu doxazosin akitegemewa itatibu presha yake na tezi yake kwa pamoja. Katika utafiti mkubwa wa ALLHAT nchini Marekani, kundi lililopewa doxazosin lilisimamishwa mwaka 2000 kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi kuliko waliokuwa kwenye dawa ya kuongeza mkojo. Presha itibiwe kwa dawa zake.

Madhara ambayo wanaume huyanyamazia ni ya kumwaga. Shahawa hupungua au hazitoki kabisa, ingawa kilele kinafika. Kwa silodosin hutokea kwa zaidi ya robo ya watumiaji, kwa tamsulosin kwa wachache zaidi, na kwa alfuzosin ni nadra. Halina hatari, na linaondoka dawa ikiachwa au ikibadilishwa. Lakini mtu asipoambiwa mapema anadhani ameharibika, anaiacha kimya kimya na hamwambii hata mkewe. Mwenye mpango wa kupata mtoto asianzishiwe silodosin.

Pua kuziba na kichwa kuuma ni madhara madogo. Macho si jambo dogo. Mwaka 2005 madaktari wa macho walieleza kwa mara ya kwanza jinsi mboni inavyolegea na kusinyaa katikati ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa watu waliotumia tamsulosin. Daktari akijua mapema anajiandaa na kazi inaenda salama. Kuiacha dawa siku chache kabla hakuondoi hatari, hivyo mweleze hata kama uliiacha zamani. Na kama upasuaji huo umeshapangwa, ni busara ufanyike kwanza, dawa ianze baadaye.

Kuhusu kuchanganya dawa: alfuzosin na silodosin hazitumiki pamoja na dawa za fangasi ketoconazole na itraconazole, au na ritonavir, kwa sababu hizo huzuia ini kuzivunja na kiwango kinapanda mno. Mwenye dawa za VVU zenye ritonavir ndani yake aseme waziwazi, hata kama chumba kina watu.

Mipaka ya kundi hili iko wazi. Tezi inaendelea kukua chini kwa chini. Dawa hizi zinaweza kuchelewesha mkojo kuziba kabisa, ila kwa miaka mingi mbele hazizuii, na mwenye tezi kubwa hatakiwi kutegemea hizi peke yake.

Dawa za kusinyaza: polepole, ila zinabadilisha mwelekeo

Ziko mbili: finasteride ya miligramu 5 na dutasteride ya miligramu 0.5, kidonge au kapsuli moja kwa siku, na chakula au bila. Angalia namba kwenye boksi, maana finasteride ya miligramu 1 ni ya upara na haitoshi kwa tezi.

Testosteroni ikifika kwenye tezi hugeuzwa na kimeng'enya kuwa DHT, homoni inayoilisha tezi ikue. Dawa hizi zinazuia mgeuzo huo. Finasteride hushusha DHT kwenye damu kwa takribani asilimia 70, dutasteride kwa zaidi ya 90 kwa kuwa inazuia aina zote mbili za kimeng'enya hicho. Ukiangalia tofauti hiyo utadhani dutasteride ni bora zaidi. Kwa mgonjwa, nafuu ya hizo mbili inakaribiana sana, na hatuoni sababu ya mtu anayeendelea vizuri na finasteride kubadilishwa.

Tezi husinyaa kwa asilimia 18 hadi 28. Ya mililita 60, ambayo ni kama gramu 60, inashuka mpaka 45 au 50 hivi. Inachukua miezi 3 hadi 6 mtu kuanza kuhisi kitu, na wengine karibu mwaka. Alama za IPSS hushuka kwa asilimia 15 hadi 30, yaani chini ya dawa za kulegeza kwa mwaka wa kwanza. Anayeipima kwa nafuu ya mwezi mmoja atasema haifai, na kwa mwezi huo mmoja atakuwa amesema kweli.

Thamani yake iko mbele. Utafiti wa PLESS uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia wanaume 3,040 wenye tezi kubwa kwa miaka 4. Kati ya waliomeza vidonge vitupu, asilimia 7 walipata mkojo kuziba ghafla, na kati ya waliomeza finasteride ni 3. Waliohitaji upasuaji walikuwa 10 dhidi ya 5 kwa mia. Hatari ilikatwa zaidi ya nusu, na hicho kizuizi cha alfa hakikupi.

Sharti lake ni ukubwa. Kwa tezi iliyo chini ya mililita 30 hakuna nyama ya kutosha ya kusinyaza, na mgonjwa anabeba madhara bila faida. Kuanzia 30 hadi 40 na kuendelea, ndipo inapolipa. Kumwandikia finasteride mtu ambaye tezi yake haijapimwa ni kubahatisha na mwili wa mwenzako.

Sasa lile la PSA. Baada ya miezi 6 hadi 12, dawa hizi hushusha PSA kwa karibu nusu. Mtu mwenye PSA ya 3 kwenye karatasi, akiwa kwenye dutasteride mwaka mzima, ichukulie kuwa 6. Maabara haijui anameza nini, na karatasi itaandika kawaida. Hivyo basi: pima kabla ya kuanza, rudia karibu na mwezi wa sita ili upate kiwango kipya cha chini, na toka hapo kila ongezeko lililothibitishwa lifuatiliwe, hata kama namba bado iko ndani ya kawaida. PSA ambayo haikushuka kabisa nayo ina maana mbili tu: ama dawa haimezwi, ama kuna jambo la kuchunguza. Katika mambo yote ya andiko hili, hili ndilo tungependa mgonjwa alishike hata kama mhudumu wake analisahau.

Kuhusu saratani, utafiti wa PCPT wa mwaka 2003 wenye wanaume 18,882 ulionyesha finasteride inapunguza saratani za tezi dume kwa takribani robo, lakini saratani kali zilionekana kidogo zaidi kwa walioitumia. Mjadala ulikuwa mrefu, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza tahadhari kwenye maelezo ya dawa. Kwa mgonjwa hili linarudi pale pale: PSA ifuatiliwe kwa hesabu sahihi.

Madhara mengine ni hamu ya tendo la ndoa kupungua, nguvu za kiume kushuka, shahawa kuwa chache, na matiti kuuma au kujaa. Yanawapata wachache, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa walio wengi yanaisha dawa ikiachwa. Wapo walioripoti kwamba hayakuisha, na wapo walioripoti huzuni nzito. Anayeona dalili hizo aseme mapema. Uvimbe mgumu kwenye titi upimwe, usihesabiwe kuwa ni dawa.

Mjamzito asishike kapsuli ya dutasteride iliyovuja wala kidonge cha finasteride kilichovunjika, maana dawa hupenya ngozini na inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mtumiaji asichangie damu mpaka upite mwezi mmoja tangu aache finasteride, au miezi 6 tangu aache dutasteride, ambayo hukaa mwilini muda mrefu sana.

Faida moja isiyozungumzwa: anayekojoa damu itokayo kwenye tezi, baada ya saratani na mawe kuchunguzwa na kuondolewa shaka, finasteride mara nyingi huituliza.

Zote mbili kwa pamoja

Kwa mwenye dalili za kati au kubwa na tezi kubwa, huu ndio mpango tunaouamini zaidi. Utafiti wa MTOPS wa mwaka 2003, wanaume 3,047 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 4.5, ulipima hatari ya ugonjwa kusonga mbele. Doxazosin peke yake iliipunguza kwa asilimia 39, finasteride peke yake 34, zote mbili 66. Baadaye CombAT, uliotumia dutasteride na tamsulosin kwa wanaume 4,844 kwa miaka 4, ulikuja na picha ile ile: ukilinganisha na tamsulosin pekee, mkojo kuziba na haja ya upasuaji vilipungua kwa karibu theluthi mbili.

Gharama yake ni madhara ya pande zote mbili, hasa upande wa kumwaga. Kwa hiyo baada ya miezi 6 hadi 12 inafaa kujaribu kuondoa ile ya kulegeza na kubaki na ya kusinyaza. Walioanza na dalili za kati wengi wao hawaoni tofauti. Kati ya walioanza na alama 20 na zaidi, wapo wengi wanaoirudia, na hakuna ubaya.

Nyingine zinazoandikwa

Tadalafil ya miligramu 5 kila siku iliruhusiwa Marekani kwa tezi dume mwaka 2011. Inapunguza dalili kwa kiasi kinachokaribia vizuizi vya alfa, lakini kasi ya mkojo haipandi sana na tezi haisinyai. Inamfaa mwenye shida ya mkojo na ya nguvu za kiume kwa pamoja. Ni marufuku kabisa kwa anayetumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua, ziwe za kumeza, za kupuliza chini ya ulimi au za kubandika, kwa sababu presha inaweza kuporomoka mpaka kifo.

Mtu ambaye mkojo wake unatoka vizuri ila unamkimbiza chooni kila mara, shida yake iko zaidi kwenye kibofu. Hapo huongezwa tolterodine, solifenacin au mirabegron. Mbili za kwanza hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa mzee sana zinaweza kuleta kuchanganyikiwa. Mkojo unaobaki ukizidi mililita 150, tolterodine na solifenacin zisianzishwe. Mirabegron haikaushi mdomo kiasi hicho, ila presha ipimwe kwanza, na ikiwa 180 kwa 110 au zaidi isitolewe.

Kuamka usiku ndiyo dalili inayowavunja watu moyo, kwa kuwa dawa za tezi huipunguza kidogo kuliko nyingine zote. Kabla ya kuongeza kidonge, pima mkojo kwa kikombe chenye alama kwa siku 3, ukiandika saa na mililita, na mkojo wa usiku uujumlishe na ule wa kwanza wa asubuhi. Kwa mwenye miaka zaidi ya 65, mkojo wa usiku ukizidi theluthi ya mkojo wa saa 24, tatizo ni figo kutengeneza mkojo mwingi usiku. Chanzo huwa miguu iliyovimba mchana, moyo, kukoroma kwa kukatika pumzi, sukari, au dawa ya kuongeza mkojo inayomezwa jioni. Hata uongeze tamsulosin vipi, hayo hayaguswi. Desmopressin, dawa inayopunguza mkojo unaotengenezwa na figo, inaweza kusaidia wachache, lakini inashusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na mzee akiipewa bila sodiamu kupimwa siku chache baada ya kuanza anaweza kupata degedege.

Mitishamba

Matunda ya mchikichi mdogo wa Marekani, Serenoa repens, ndiyo yanayouzwa zaidi kwenye vidonge vya tezi dume. Yalipewa nafasi ya haki. Utafiti wa mwaka 2006 uliwapa wanaume 225 miligramu 160 mara mbili kwa siku kwa mwaka mmoja, na hakukuwa na tofauti na vidonge vitupu. Wengine wakasema dozi ilikuwa ndogo. Mwaka 2011 ukaja utafiti wa wanaume 369 ambapo dozi ilipandishwa mpaka miligramu 960 kwa siku, na jibu likawa lile lile. Kwetu suala hilo limekwisha.

Magome ya Prunus africana, mti wa milima ya Afrika, yameonyesha nafuu kiasi kwenye majaribio madogo ya muda mfupi, na hakuna ushahidi kwamba yanazuia mkojo kuziba. Mti wenyewe umechunwa mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti mwaka 1995.

Tunachokiogopa zaidi ni mchanganyiko wa unga usio na maandishi, unaosifiwa kwamba unatibu tezi na kurudisha nguvu. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimekutwa na sildenafil iliyofichwa. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia nitrati anaweza kufa bila kujua alimeza nini.

Vinavyoangusha dawa nzuri

Mgonjwa ametulia miezi mingi, kisha mkojo unakataa kutoka usiku mmoja. Uliza alimeza nini. Mara nyingi ni dawa ya mafua yenye pseudoephedrine, inayokaza ile ile misuli ambayo tamsulosin inailegeza. Au chlorpheniramine ya mzio, inayokidhoofisha kibofu. Amitriptyline na dawa kali za maumivu za jamii ya morphine hufanya hivyo pia. Pombe nyingi na choo kigumu vinaongeza. Duka la dawa linalouza dawa ya mafua kwa mzee lianze kwa kumuuliza kama ana tatizo la tezi dume.

Mkojo ukiziba kabisa, hakuna kidonge cha kumeza ukisubiri nyumbani. Unawekwa mpira wa kutoa mkojo hospitalini, kisha kizuizi cha alfa kinaanzwa siku 2 au 3 kabla ya kuutoa. Katika utafiti wa alfuzosin, waliofanikiwa kukojoa baada ya mpira kutolewa walikuwa karibu asilimia 62, dhidi ya 48 kwa waliopewa vidonge vitupu. Ni tofauti ya kweli, lakini theluthi na zaidi bado walishindwa.

Zipo hali ambazo dawa imefika mwisho: mkojo kuziba tena na tena, mawe kibofuni, maambukizi yanayojirudia, damu isiyokoma, au figo zinazoharibika kwa sababu ya kuziba. Ongeza hapo tezi yenye kipande cha katikati kinachochomoza ndani ya kibofu, ambacho hufunga njia mtu anapokojoa. Hicho hakisikii dawa sana. Anayeendelea kubadilisha vidonge katika hali hizi anapoteza misuli ya kibofu, na kibofu kilichotanuka miaka mingi huenda kisirudi hata njia ikifunguliwa. Upasuaji wa kukwangua tezi kupitia mrija hushusha alama za IPSS kwa takribani asilimia 70, kiwango ambacho hakuna dawa inayokifikia. Tezi zinazozidi mililita 80 hutolewa kwa leza au kwa kufungua tumbo.

Baada ya upasuaji wengi huacha dawa za tezi, lakini wasiache PSA. Kinachotolewa ni nyama ya ndani iliyokua. Ganda la nje, ambako saratani nyingi za tezi dume huanzia, linabaki mahali pake. PSA ichukuliwe upya miezi michache baada ya kupona, na aliyekuwa kwenye finasteride au dutasteride amkumbushe daktari tarehe aliyoiacha, ili namba isije ikazidishwa mara mbili wakati dawa imeshaisha mwilini.